Rudisha utando wa buibui: jibu kwa mpiga ilimba anayetaka kusomea utunzi wa kuitikiana

Swali

"Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 28, nafundisha muziki katika shule ya sekondari hapa Dodoma. Nina shahada ya kwanza ya sanaa, upande wa muziki. Ilimba nilifundishwa na babu. Kwa miaka mitatu sasa nabandika kipaza sauti kwenye ilimba, naiunganisha na kompyuta yenye programu ya Pure Data, halafu kompyuta inaitikia ninavyopiga. Ilinichukua muda mpaka ikanisikia vizuri. Nilifanikiwa nilipoutoa utando wa buibui unaoziba tundu la ilimba, maana ule mvumo ulikuwa unaichanganya. Nimetunga vipande vitatu, nimekuambatishia. Nataka kusoma shahada ya utafiti ya utunzi wa aina hii. Nilituma pendekezo lenye kichwa 'Kuunganisha muziki wa asili wa Wagogo na teknolojia ya kisasa' kwenye vyuo viwili. Kimoja hakikujibu. Cha pili kilisema swali langu la utafiti halionekani. Mwalimu, mimi ni mtunzi. Muziki ninao, swali sina. Nianzie wapi, nisome wapi, na fedha zitatoka wapi?"

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Vipande vyako nimevisikiliza vyote, cha pili mara nne. Barua nayo nimeirudia, na kuna sentensi moja uliyoipita mbiombio ambayo ndiyo imenikalisha kitako nikuandikie kwa urefu. Umesema uliutoa utando wa buibui ili kompyuta ikusikie. Swali lako la utafiti liko hapo. Ulikuwa nalo mkononi, ukaliweka kando ukidhani ni kero ya ufundi tu.

Wasomaji wengine wanaifahamu marimba ya vijiti kwa sura lakini hawajawahi kuifungua, kwa hiyo waniruhusu niwaeleze. Ilimba ya Wagogo ni sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Vijiti vyake si vyote vinavyoguswa. Vingine vipo ili vitikisike vyenyewe jirani yao wanapopigwa, vikiongeza mwangwi. Ubaoni kuna tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando mwembamba wa buibui. Hewa ya ndani ikisukumwa na sauti, utando unavuma kama nyuki. Huo mvumo hautokani na ubovu wa chombo. Fundi anautafuta, na mpigaji utando ukichanika anabandika mwingine kabla hajaendelea. Waliowahi kumsikia marehemu Hukwe Zawose, aliyeipeleka ilimba kwenye majukwaa ya dunia akitokea Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003, wanajua kwamba sauti ile bila mvumo ingekuwa kitu kingine kabisa.

Sasa tazama kilichotokea mezani kwako. Mashine ilikutaka upunguze chombo ili yenyewe isikie, ukakubali. Babu yako asingekubali. Mimi nisingependa ukubali, ila nataka kwanza tujue kwa nini mashine ilidai hivyo, kwa sababu hapo ndipo utafiti unapoanza.

Katika kipande chako cha pili unatumia sigmund~ kutambua noti. Programu za namna hiyo hufanya kazi kwa kukisia. Huchukua kipande kifupi cha sauti, tuseme sampuli 1,024, yaani vipimo 1,024 vya sauti vilivyochukuliwa kimoja baada ya kingine. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, hicho ni kipande cha milisekunde 23 hivi. Hukichambua kuona nguvu iko wapi, kisha hutafuta mpangilio. Zikikuta nguvu kwenye mitikisiko 200 kwa sekunde, 400, 600 na 800, husema sauti ni ya 200. Kwa uzi wa zeze kisio hilo hufaulu. Kwa filimbi hufaulu, kwa koo la mtu hufaulu pia, maana sauti hizo kwa maumbile yake hupanda kwa kuzidishwa hivyo. Kijiti cha chuma kilichobanwa upande mmoja hakifuati utaratibu huo. Katika kijiti kilichonyooka na kubanwa barabara, sauti ya pili haiji mara mbili ya ya kwanza. Inakuja juu zaidi ya mara sita. Ongeza vijiti visivyoguswa vinavyoendelea kulia baada ya kidole kuondoka, ongeza utando unaotawanya nguvu huku juu, na programu haina pa kushika. Chombo chako hakina kosa lolote. Programu ndiyo iliyofika ikiwa na dhana yake kuhusu muziki, na dhana hiyo ilizaliwa kwenye nyuzi na filimbi.

Ukiliona hivyo, kichwa cha pendekezo lako kinageuka. "Kuunganisha muziki wa asili na teknolojia ya kisasa" ni kichwa ambacho wasimamizi wamekiona mpaka macho yakachoka. Hakisemi kipi hakijulikani leo ambacho kitajulikana kesho ukimaliza. Kina pia kasoro inayoniuma zaidi: kinaiweka ilimba upande wa jana na kompyuta upande wa leo, kana kwamba ilimba haina teknolojia ndani yake. Utando wa buibui juu ya tundu ni teknolojia. Aliyeubuni alikuwa anachakata sauti.

Weka mbele kitu kama hiki: *mfumo unaosikia ilimba kupitia mvumo wake, badala ya kupitia noti zake, utasikia nini, na muziki utakaotungwa kwa ajili yake utabadilika vipi?* Hilo ni swali. Halina jibu mpaka mtu ajenge mfumo, atunge, apige, akosee, atunge tena. Na ni mtu mwenye ilimba vidoleni tu anayeweza kulijibu, jambo ambalo msimamizi akisoma atalielewa mara moja.

Unaniambia wewe ni mtunzi, swali huna. Na mimi nilisema hivyohivyo. Nilikuwa mpiga fidla wa taarabu Tanga, na pendekezo langu la kwanza nalo lilikuwa na neno "kuunganisha". Profesa mmoja aliyelikataa alinifanyia hisani ya kuniuliza jambo moja: unajua nini kuhusu fidla yako ambacho mashine haikijui? Nilikaa nalo miezi miwili. Mwisho nikaona kwamba katika taarabu fidla, udi na kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa) hupiga wimbo uleule, lakini kila mmoja anaupamba kwa njia yake, mmoja akitangulia kidogo, mwingine akisubiri. Mashine yangu ilikuwa inanifuata tu, na anayefuata siku zote huchelewa. Kumbe katika kundi lililoiva hakuna anayefuata tu. Kila mmoja anajua wimbo unakokwenda. Basi swali langu likawa: mashine inawezaje kutangulia bila kuniburuta? Nilitumia miaka minne na vipande sita kulijibu, na kipande cha pili kiliharibika mbele ya hadhira kwa sababu mashine ilitangulia kweli, ikaenda zake. Sura nzima ya tasnifu yangu ilitoka kwenye usiku ule.

Kwa hiyo usilitafute swali vitabuni kwanza. Litafute mahali ambapo mkono wako na mashine vimegombana, ukalazimika kuchagua nani ajirekebishe.

Vitabuni utakwenda baadaye, tena utakwenda sana, kwa sababu pendekezo lazima lionyeshe unajua walikopita wenzako. Nikuelekeze kidogo. Mwaka 1984, katika mkutano mmoja wa kimataifa wa muziki wa kompyuta uliofanyika Paris, watafiti Roger Dannenberg na Barry Vercoe kila mmoja kwa njia yake walionyesha kompyuta inayofuata mpigaji kwenye nota zilizoandikwa. Huko huko Paris, kwenye taasisi ya utafiti wa muziki ya IRCAM iliyoasisiwa na mtunzi Pierre Boulez, Miller Puckette alijenga programu iliyokuja kuitwa Max, na akafanya kazi bega kwa bega na mtunzi Philippe Manoury kwenye vipande vya filimbi na vya piano ambavyo kompyuta inavisikiliza na kuvijibu papo hapo. Puckette huyohuyo akahamia Chuo Kikuu cha California, San Diego, na mwaka 1996 akatoa Pure Data, hiyo unayoitumia wewe bure. Kitabu chake cha 2007 kuhusu muziki wa kielektroniki nacho kinasomeka bure mtandaoni. Anza nacho.

Lakini mtu ninayetaka umsome kwa makini ni George Lewis, mpiga tromboni Mmarekani mweusi. Tangu miaka ya 1980 amekuwa akijenga mfumo wake wa Voyager, ambao haumfuati mpigaji. Unamsikiliza, lakini una yake ya kusema, na unaweza kupiga hata asipopiga mtu. Lewis ameandika waziwazi kwamba kila programu ya muziki imebeba utamaduni wa aliyeitengeneza. Hoja hiyo ni ndugu wa utando wako wa buibui. Upande wa Afrika usimsahau Halim El-Dabh wa Misri, ambaye mwaka 1944, akiwa Cairo, alirekodi sherehe ya zaar, ngoma ya kupunga pepo, kwa mashine ya waya kisha akaibadilisha sauti ile studioni, miaka minne kabla ya Pierre Schaeffer kuanza Paris majaribio yake ya kutunga kwa sauti zilizorekodiwa, yanayotajwa kila mahali. Nakutajia hili ili ukiandika, uandike kama mwenye nyumba.

Kuhusu upangaji wa sauti, mtafiti wa muziki wa Afrika Gerhard Kubik ameeleza kwa kina jinsi Wagogo wanavyofuata mfululizo wa sauti za asili, ile ngazi inayopatikana kwa kuzidisha mtikisiko mmoja kwa mbili, tatu, nne na kuendelea. Hapa nina lawama kwa kipande chako cha pili, pokea kwa moyo mkunjufu. Ilimba yako inasema kwa ngazi hiyo, halafu kompyuta inakujibu kwa noti za kinanda. Nadhani unaipitisha sauti kwenye namba za MIDI halafu unaikata iwe namba kamili. MIDI ni makubaliano ya mwaka 1983 ya vyombo vya kielektroniki kupelekeana noti kwa namba, na namba zake kamili zinahesabu hatua 12 zilizo sawa, kama za kinanda; kila hatua ni senti 100. Kutoka sauti ya sita kwenda ya saba kwenye mfululizo wa asili ni senti 267. Kinanda kina 200 au 300, hapo katikati hakina kitu. Kwa hiyo kila kompyuta inapofungua mdomo, inamsahihisha babu. Iache ifanye kazi na mitikisiko yenyewe, usiikate. Ni marekebisho ya dakika kumi, na utashangaa.

Kwa upande wa kusikia, acha kwa muda kutafuta noti. Jaribu bonk~, ambayo pia ni ya Puckette. Kazi yake ni kukamata pigo linapoanza, na inaigawa sauti katika mikanda 11 kutoka chini hadi juu. Unaweza kuifundisha mapigo yako ikayakariri. Kwa ilimba yenye utando, mikanda ya juu ndiyo itakayokuambia mvumo umeamka au umelala. Utando hauvumi sawasawa siku zote: kidole kikigusa kwa upole unanong'ona, kikikaza unanguruma, na vijiti viwili kwa pamoja vinauvuruga kwa namna ambayo kijiti kimoja hakiwezi. Yote hayo ni taarifa za muziki. Mpigaji anazitumia bila kuzipa jina. Zipe jina, uzipime, utunge nazo. Angalia pia kuchelewa kwa mashine. Watafiti David Wessel na Matthew Wright walipendekeza mwaka 2002 kwamba jibu la mashine lisizidi milisekunde 10, na mimi kwa fidla nimeona wana haki; kwa ilimba yenye mapigo makali huenda hata hizo ni nyingi. Kipande cha piezo unachobandika, kile kipaza sauti kinachosikia mtikisiko wa mbao, kinahitaji kikuza sauti cha kati kinachofaa kabla ya kadi ya sauti, la sivyo besi inapotea. Nasikia kwenye rekodi yako imepotea.

Tuje kwenye shahada yenyewe. Jina kwanza, maana litakusumbua ukitafuta vyuo. Kwa Kiingereza ni interactive composition. Wengine hutafsiri "utunzi shirikishi". Mimi nasema utunzi wa kuitikiana, kwa sababu Kiswahili tayari kina kiitikio na kina muitikiaji, na kila mtu aliyesimama kwenye ngoma anajua kuitikia ni kazi yenye akili. Katika vyuo, jina hilo linabeba mambo mawili. Moja ni hili lako, chombo na mashine jukwaani. La pili ni muziki wa michezo ya kompyuta, filamu, na maonyesho ambamo muziki hubadilika kufuatana na anachofanya mchezaji au mtazamaji. Chuo Kikuu cha Melbourne, kwa mfano, kina fani ya jina hili katika shahada ya kwanza ya muziki, na inaelekea zaidi huko kwa pili. Soma kazi za walimu kabla ya kusoma jina la idara.

Uingereza, shahada ya uzamivu ya utunzi kwa kawaida ni mkusanyo wa kazi za muziki pamoja na maandishi ya kuzifafanua. Muda ni miaka mitatu hadi minne, darasa karibu hakuna. Wewe, msimamizi, na kazi. Mwishoni watahini, angalau mmoja kutoka chuo kingine, wanakaa na wewe wanakuhoji. Kila chuo kina kanuni zake za urefu wa muziki na idadi ya maneno, usiende kwa kusikia. Belfast kuna kituo cha sanaa za sauti cha Chuo Kikuu cha Queen's, kilichofunguliwa 2004, chenye ukumbi ambao sakafu yake ni wavu na spika zimewekwa mpaka chini ya miguu ya wasikilizaji. Huddersfield na De Montfort ya Leicester nazo zina watu wa fani hii. Marekani njia ni ndefu zaidi, miaka mitano au zaidi, na miaka ya mwanzo unasoma madarasa: nadharia, historia, akustika. San Diego ina tawi la muziki wa kompyuta ndani ya uzamivu wake wa muziki, na Stanford ina CCRMA, kituo cha utafiti wa muziki wa kompyuta kilichoanzishwa na John Chowning na wenzake mwaka 1975. Norwe wana shahada ya uzamivu ya utafiti wa kisanaa, ambamo kazi ya sanaa yenyewe ndiyo matokeo ya utafiti. Ningekuwa mimi, na swali hili la mvumo, ningeitazama Norwe kwa jicho la karibu sana.

Nyumbani Afrika Mashariki je? Chuo Kikuu cha Kenyatta, Kenya, kinatoa shahada za juu za muziki, na mtu akitaka kuandika kuhusu ilimba akiwa karibu na wapigaji, ukaribu huo ni mali. Shida utakayoipata ni msimamizi wa upande wa mashine. Wengine wameitatua kwa kuwa na wasimamizi wawili, mmoja hapa na mmoja ughaibuni. Uliza mapema kama kanuni zinaruhusu.

Jambo ninalosisitiza kuliko jina la chuo ni msimamizi. Utakaa naye miaka. Tafuta mtu ambaye kazi zake umezisikiliza na zikakugusa, mwandikie barua pepe ya aya tatu: swali lako, rekodi moja, na kwa nini yeye. Usimtumie rekodi tatu. Usianze na habari za ufadhili. Mtumie ile inayoonyesha ugomvi wa mkono na mashine, hata kama haijakamilika, na iwe video ili aone vidole. Akikujibu kwa swali gumu, furahi. Akikujibu kwa sifa tupu, endelea kutafuta.

Kwa hali yako ya sasa ningekushauri uanze na uzamili. Vipande viwili kati ya vitatu vyako vinatumia wazo lilelile, kompyuta inarudia ulichopiga kwa kuchelewesha. Kinachokosekana ni muda wa kujaribu mengi na watu wa kukubishia, na hivyo ndivyo vitu ambavyo uzamili unatoa. Kuingia kwenye uzamivu kabla mkono haujaenea ni kujifunga kwenye wazo la kwanza kwa miaka minne.

Fedha. Nitasema wazi: usiuze shamba, wala usiwaache wazazi wauze, kwa ajili ya shahada ya utafiti ya muziki. Nafasi za kufundisha vyuoni ni chache kila mahali, na wanaomaliza wengi wanaishi kwa kuchanganya kazi: kufundisha kidogo, muziki wa michezo na filamu, sauti za makumbusho, matamasha. Ni maisha mazuri kwa anayeyapenda, lakini hayalipi deni la shamba. Kama chuo kimekukubali bila ufadhili, bado hujapata.

Ufadhili wa Chevening, wa serikali ya Uingereza, ni wa uzamili wa mwaka mmoja Uingereza. Unataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili hivi, ambao ualimu wako unautosheleza, na unakutaka urudi nyumbani miaka miwili baada ya masomo. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola unafika mpaka uzamivu. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ni wanachama, ila wenzetu wa Burundi na Kongo hawamo. Huo unauliza utafiti wako una faida gani kwa maendeleo, na usione aibu kujibu: kuweka njia ya vijana kusoma akustika ya vyombo vyao wenyewe ni maendeleo. Mabaraza ya utafiti ya serikali ya Uingereza tangu 2021 yanapokea waombaji wa kutoka nje, ingawa nafasi zao zina kikomo cha asilimia 30. Australia serikali ina mpango wa ufadhili wa mafunzo ya utafiti unaoweza kulipa ada na posho hata kwa mgeni. Norwe na Sweden mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi ni mwajiriwa: nafasi inatangazwa kama kazi, unaomba kama kazi, unalipwa mshahara. Marekani vyuo vikubwa vingi hukusamehe ada na kukupa posho huku ukisaidia kufundisha.

Kuna jambo ambalo pendekezo lako halikuligusa kabisa, nalo ni ruhusa. Ukitaka kurekodi wazee wapiga ilimba kwa ajili ya tasnifu, chuo kitakupeleka kwenye kamati ya maadili, na nchini utahitaji kibali cha utafiti kutoka COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Anza mapema, usiwe na tiketi mkononi ndipo ukumbuke. Fomu ya kutia saini kwa mzee asiyesoma ni kumdhalilisha; uliza kamati kama ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa inakubalika, na kwingi inakubalika. Halafu waeleze wazee kwamba mashine itajifunza mapigo yao. Wana haki ya kujua hilo kwa lugha wanayoielewa, na wana haki ya kusema baadhi ya nyimbo zisiguswe. Kama kitu chochote kitauzwa baadaye, jina lao liwemo tangu siku ya kwanza, lisiongezwe mwishoni kama shukrani.

Na hifadhi kazi zako. Programu zinabadilika, kompyuta zinakufa, na kipande cha miaka mitano iliyopita kinakataa kufunguka. Puckette aliliona hilo, akachukua muda kuvihamishia kwenye Pure Data vipande vya watunzi wengine vilivyotungwa kwa mashine za zamani, kikiwemo kimoja cha Manoury cha piano. Wewe andika kwa maneno ya kawaida kila sehemu ya mfumo inafanya nini, chora mchoro wake, weka rekodi ya ilimba peke yake pembeni na rekodi ya mashine peke yake. Mtu wa mwaka 2050 aweze kuijenga upya hata kama Pure Data haipo. Watahini watakushukuru, lakini zaidi wewe mwenyewe, siku umeme utakapokatika Dodoma ukiwa katikati ya kurekodi.

Sasa kazi ya mwezi huu. Rudisha utando. Omba wazee wakuonyeshe wanavyouchagua, kwa sababu sidhani buibui wote ni sawa, na jibu lao liandike kama lilivyosemwa. Piga kijiti kimoja kimoja mara kumi, kwa upole mpaka kwa nguvu, mara ya kwanza tundu likiwa na utando na mara ya pili likiwa wazi, kipaza sauti kikiwa mahali palepale. Rekodi zote ziache bila kuzisafisha. Kisha piga kipande chako cha pili tena, utando ukiwepo, mashine ikiwa imechanganyikiwa vilevile kama mwanzo, na wewe usibadilishe unavyopiga hata kidogo. Nitumie hicho. Nataka kusikia mashine inasema nini inapochanganyikiwa, kabla hatujaifundisha.